Alimeza Lini Mara ya Mwisho?

Nilikuwa nimechoka muda mrefu kabla ya siku ile. Naanza na hilo kwa sababu watu wa mtaani wakizungumzia ugonjwa wa dada yangu hunisifu, husema nilimhudumia kwa moyo wote, nami hukaa kimya. Kwa miaka tisa nilikuwa mtunza vidonge vyake. Ukitunza vidonge vya mtu kwa miaka tisa unageuka kama askari wa zamu. Huulizi tena ameamkaje, unauliza tu kama amemeza.

Dada amenizidi miaka minne. Tunaishi wawili, mtaa wa Nyakabanda, katika nyumba tuliyoachiwa na baba, vyumba vitatu na uwanja mdogo wenye bomba. Mimi nashona nguo kwenye chumba cha kupanga kando ya barabara, mwendo wa dakika kumi kwa kupanda. Yeye naye alikuwa akishona, tena mkono wake ulikuwa mzuri kuliko wangu, mpaka moyo ulipomwangusha. Utotoni aliumwa koo mara kwa mara na hakuna aliyejua kwamba lile koo lilikuwa likimharibu moyo. Alipofika miaka thelathini na kitu hakuweza kwenda msikitini bila kusimama njiani kuvuta pumzi. Wakaja madaktari wageni kwa wiki mbili, wakampasua kifua, wakamwekea valvu ya chuma, kilango cha kupitishia damu. Chumba kikiwa kimya unaisikia ikigonga, kama saa ya mkononi iliyofichwa chini ya mto.

Valvu ilimrudishia pumzi, ila ilikuja na sharti. Damu ikipita kwenye chuma huelekea kuganda, kwa hiyo kila jioni, maisha yake yote, lazima ameze kidonge cha kulainisha damu. Kikipungua, damu inaganda. Kikizidi, fizi zinavuja, na kidole kilichochomwa na sindano ya kushonea kinatoa damu mpaka kitambaa kinaharibika. Kila mwezi tulikwenda kliniki, wakamtoboa kidole, wakasoma namba. Namba ikishuka tuliulizwa amekula nini, kwa sababu isombe ya majani ya muhogo na dodo, yaani mchicha, na mboga zote za majani zinapunguza nguvu ya kile kidonge. Hakukatazwa kula, aliambiwa ale kiasi kilekile kila wiki. Basi mimi ndiye niliyekuwa nikimpimia isombe kwa kijiko, yeye mwanamke mzima wa miaka arobaini na sita, akinitazama.

Siku tuliyogombana tulikuwa tumetoka kliniki. Namba ilikuwa nzuri, hapakuwa na sababu ya ugomvi. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi, nguo za wateja zikinisubiri, na tulipofika nyumbani akalalamika kwamba nimemsemea mbele ya muuguzi kana kwamba yeye ni mtoto. Nikachukua boksi jipya la vidonge, thelathini, nikamwekea mkononi.

"Mimi nimechoka, Dada," nikamwambia. "Shika mwenyewe. Ukimeza, ukiacha, ni juu yako."

Alivuta droo ya cherehani yake ya zamani, akavitia humo, akaifunga. Kuanzia hapo sikuuliza tena. Niseme kweli, zile siku zilikuwa nyepesi kwangu. Nilirudi jioni, nikala, nikalala, bila kuhesabu kitu chochote cha mtu mwingine.

Ramadhani ikaingia. Siku ya saba ya mfungo nilitoka nyumbani saa mbili asubuhi, nikamwacha akifagia uwanja. Saa tatu kasoro dakika kumi alinitumia ujumbe wa sauti kwenye simu: nikirudi nipitie tende, zile laini, za jana zilikuwa ngumu, na nisisahau uzi mweusi. Nikausikiliza huku nikikata kitambaa. Saa tatu na nusu simu ikalia, alikuwa jirani yetu anayeuza mkaa, mama mmoja mtu mzima.

"Njoo mbio," akasema. "Dada yako iko chini hapa kwa mlango. Mdomo imeenda upande moja. Namwita, ananiangalia tu."

Nilikimbia na mkasi mkononi. Nilimkuta ameegemezwa ukutani, ufagio kando yake. Upande wa kulia wa uso ulikuwa umeteremka, na mkono wa kulia umelala mapajani kama kitu ambacho mtu amemwekea. Macho yalinitambua. Alifungua kinywa na kilichotoka hakikuwa neno.

Fundi wa milango ya chuma anayeishi mkabala nasi ana gari kuukuu. Tulimbeba Dada watu watatu, tukamlaza kiti cha nyuma, kichwa chake mapajani mwangu. Yule fundi ni mtu mwangalifu. Kila tulipokaribia kamera ya barabarani alipunguza mwendo, na mara ya tatu nikampigia kelele, nikamwambia maneno ambayo mfungaji hapaswi kusema. Akaongeza mwendo. Baadaye nilimwomba radhi, akasema hakusikia. Najua alisikia.

Hospitali kubwa walimpokea haraka. Muuguzi aliniuliza imeanza lini, nikasema asubuhi hii, wakakimbiza kitanda. Mimi nilibaki nikitembea pembeni, nikimwomba Mungu kwa Kiswahili kwa sauti bila kujua, na daktari aliyekuwa akivaa glavu akageuka. Alikuwa mwanamke kijana, mwembamba, macho yake yana usingizi wa zamu ndefu.

"Unaongea Kiswahili, dada? Mimi nimekulia Tanzania. Basi tuongee hichohicho, itakuwa haraka. Mara ya mwisho kumwona mzima ilikuwa saa ngapi?"

"Saa mbili." Kisha nikakumbuka ule ujumbe. "Hapana. Saa tatu kasoro kumi alinitumia sauti."

"Nisikilizishe."

Alishika simu yangu sikioni, katikati ya zile kelele za vitanda na watu, akasikiliza habari za tende na uzi mweusi. Akarudia mara ya pili.

"Anaongea vizuri kabisa," akasema, akamgeukia muuguzi. "Andika saa mbili na dakika hamsini." Kisha kwangu: "Huu ujumbe umetusaidia. Kuna dawa ya kuyeyusha bonge la damu, lakini inatolewa ndani ya saa nne na nusu tangu kiharusi kianze. Tunao muda. Anatumia dawa gani nyumbani?"

"Ana valvu ya chuma. Anameza kidonge cha kulainisha damu."

Kalamu yake ikasimama.

"Alimeza lini mara ya mwisho?"

Kwa miaka tisa ningemjibu kwa dakika. Ningemwambia saa na kiasi, na kama alikimeza kwa maji au kwa chai. Nilisimama mbele yake na mkasi wangu wa kushonea bado umo kwenye mfuko wa dera, nikasema, "Sijui."

"Jana jioni alikula na wewe?"

"Tulifuturu pamoja. Sikuangalia."

Hakunilaumu. Alinieleza huku tukitembea kuelekea chumba cha picha, kwa maneno mafupi, kama anayemweleza mtu njia. Dawa ya kuyeyusha bonge haichagui, alisema. Inayeyusha bonge lililoziba mshipa wa kichwa, na mahali pengine popote palipo na kidonda kidogo damu inaweza kufunguka. Kwa mtu ambaye damu yake tayari imelainishwa na vidonge, hatari ya kuvuja ndani ya ubongo inakuwa kubwa. Akiwa amemeza ipasavyo, namba ikiwa juu, hawezi kumpa. Namba ikiwa chini, anaweza.

"Na usipompa?"

"Tutamtunza. Lakini ule mkono na yale maneno, sitakuahidi."

Picha ya kichwa ilionyesha kwamba damu haijavuja. Wakapeleka damu yake maabara kusoma namba. "Kama nusu saa," daktari akasema. "Unaye mtu nyumbani anayeweza kuangalia vidonge?"

Nikampigia jirani wa mkaa. Nilimweleza droo ya cherehani ilipo. Nilisikia mlango wetu ukifunguka, nikasikia droo ikikwama, akiivuta huku akilalamika. Kisha akaanza kuhesabu kwa Kinyarwanda, polepole, kimoja kimoja, anaviminya kwa kidole kwenye karatasi yake, nami namfuatisha moyoni kwa Kiswahili. Tangu siku ya kliniki jioni kumi na sita zilikuwa zimepita. Vilipaswa kubaki vidonge kumi na vinne. Alipofika kumi na vinne hakusimama. Alipofika ishirini nilikaa sakafuni.

"Iko makumi mbili na tatu," akasema. "Nihesabu tena?"

"Hesabu tena."

Vilikuwa ishirini na vitatu. Dada alikuwa ameacha jioni tisa.

Nilichohisi pale sakafuni sijamwambia mtu mpaka leo. Nilimkasirikia kwa hasira ambayo ingetosha kunipeleka kumtikisa pale kitandani, na papo hapo nilishukuru. Jioni tisa zile ndizo zilizomwangusha, na ndizo zilizofanya aweze kupewa dawa. Nilitaka kulia kwa moja na kucheka kwa nyingine, na sikuwa na nguvu ya yote mawili. Muuguzi mmoja aliniletea maji kwenye kikombe cha plastiki. Nikamwambia nimefunga. Akasema, "Basi kaa kwenye kiti angalau," akanivuta mkono.

Nilimpelekea daktari ile hesabu. Akaitikia kwa kichwa, lakini hakutoa amri yoyote. "Vidonge kwenye droo vinanipa matumaini tu," akasema. "Nangoja maabara." Tukangoja. Alikuwa na wagonjwa wengine, akaenda, akarudi, akaangalia saa ya ukutani, akaenda tena. Mimi nilikaa nimeshika mkono wa kushoto wa Dada, ule mzima. Alikuwa akitazama dari. Mara mojamoja aligeuza macho kuutafuta mkono wa kulia, kama mtu anayetafuta mzigo wake kwenye gari.

Namba ilikuja saa tano na nusu. Ilikuwa chini, karibu sawa na ya mtu asiyemeza kitu.

Daktari akavuta kiti, akakaa, ingawa niliona hakuwa na muda wa kukaa. "Naweza kumpa. Nashauri tumpe. Lakini sikufichi, hata kwa namba hii wapo wanaovuja damu kichwani baada ya dawa, na wapo wanaofariki. Yeye hawezi kusema. Una ndugu mwingine wa kushauriana naye?"

"Hakuna. Ni sisi wawili."

"Basi ni wewe."

Niliinama kwa Dada. Sikujua anaelewa kiasi gani. Nikamwambia, "Wanataka kukupa dawa. Inaweza kukuponya, inaweza kukuua. Mimi nataka wakupe. Ukikataa nibane." Nikangoja. Alinibana, kwa nguvu, na nikababaika, nisijue kama anakataa au ananishika tu, kwa sababu nilikuwa nimepanga maneno vibaya. Nikauliza upya: "Wakupe? Ukikubali funga macho." Akafunga macho, akayafumbua, akafunga tena. Nikatia sahihi.

Walimpiga sindano moja kwanza, kisha dripu iliyochukua saa nzima. Sikujua kwamba saa inaweza kuwa ndefu hivyo. Kila baada ya dakika chache muuguzi alikuja, akampima presha, akamwambia inua mkono, inua mguu, tabasamu. Fizi zilianza kutoa damu kidogo. Muuguzi akazifuta kwa pamba, akamwita daktari, daktari akatazama, akasema hiyo si mbaya, endelea. Mara ya nne au ya tano alipoambiwa ainue mguu, goti la kulia lilisogea. Si sana. Shuka ilipanda kidogo na kushuka. Muuguzi aliniangalia kuona kama nimeona. Nilikuwa nimeona, lakini niliogopa kusema.

Ilipoingia magharibi, familia ya mgonjwa wa kitanda cha pili wakanipa chai na mkate nifuturu. Dada akanitazama nikinywa. Midomo yake ikahangaika, ikajikunja, kisha ikasema wazi: "Amazi."

Lilikuwa neno lake la kwanza. Mimi na yeye tangu utoto tunaongea Kiswahili, lugha ya baba. Kinyarwanda ni lugha ya mama, aliyefariki tukiwa wadogo, na tunakitumia sokoni na ofisini. Nikamjibu, "Unataka maji?" Akanitazama kana kwamba nimesema kitu cha mbali. "Amazi," akarudia, na machozi yakamtoka upande mmoja.

Sikuruhusiwa kumpa. Muuguzi alieleza kwamba lazima kwanza wapime kama anaweza kumeza bila kupaliwa, akaleta kijiko, akampa tone, akamgusa koo, akangoja, akampa jingine. Nilikaa nikitazama kijiko kile. Mwisho akamruhusu kunywa, kidogo kidogo, ameketi wima.

Picha ya kesho yake ilionyesha kwamba damu haikuvuja, na kwamba pale palipoumia palibaki doa. Daktari alinionyesha. Mguu ulirudi karibu wote. Mkono ulirudi nusu. Maneno yalirudi ya mama kwanza. Kwa wiki tatu Dada hakuweza kuunganisha sentensi ya Kiswahili, nami nilijikuta nyumbani kwetu naongea na dada yangu kwa lugha tunayoongea na maafisa. Tulikuwa na adabu nyingi ghafla. Iliniuma kuliko mkono.

Idi ilitukuta tumesharudi nyumbani. Aliswali ameketi kwenye kiti, chumbani. Alipomaliza nikamuuliza swali nililokuwa nimelibeba tangu ile simu ya hesabu. Nilijaribu kulifanya liwe dogo.

"Kwa nini uliacha vidonge?"

Ilimchukua muda. Maneno yalikuja vipande, mengine ya Kinyarwanda, mengine kwa kidole. Nilipata maana kidogo kidogo. Alikuwa anatokwa na damu ya mwezi, nyingi, na haikuwa ikikoma. Siku kumi, siku kumi na tano. Umri ule mambo yanavurugika, na kidonge kilizidisha. Aliona Ramadhani inakuja na yeye hana twahara, hataweza kufunga wala kuswali. Akaacha kidonge damu ikatike. Ikakatika siku ya tatu. Akafunga siku sita kamili, akaswali swala zote, alikuwa na furaha, alisema. Alikuwa amepanga kuanza tena mwezi ukiisha.

"Tulikuwa kliniki," nikasema. "Muuguzi alikuwa mbele yako. Mimi nilikuwa hapo. Kwa nini hukusema?"

Akanitazama. Hili alilisema kwa Kiswahili, na lilitoka bila kukwama.

"Wewe ulikuwa unasema."

Kisha akaongeza, "Halafu ukasema umechoka."

Ni kweli kwamba pale kliniki mimi ndiye niliyejibu kila swali, anakula nini, analala vipi, anameza saa ngapi, na hakuna aliyeuliza kuhusu damu ya mwezi, nami sikuijua. Tunafua nguo pamoja uwanjani kwetu na sikuijua. Zile zenye damu alikuwa akizifua nikiwa kazini.

Tulirudi kliniki wawili, na safari hii nilibaki nje ya mlango. Alikaa ndani muda mrefu, kwa sababu maneno yalikuwa bado yanampotea, na wagonjwa kwenye benchi walianza kunung'unika. Alitoka na karatasi ya kwenda kwa daktari wa wanawake, ambaye alimwekea kifaa cha kupunguza ile damu. Kinafanya kazi. Muuguzi wa kliniki alimwambia waziwazi kwamba kuna wanawake wengi wenye valvu wanaopata tatizo hilo, na kwamba wengi hawasemi. Shehe wa msikiti wetu naye alimtuma mkewe aje kuzungumza naye habari za damu na swala. Walikaa chumbani, nikasikia Dada akilia, kisha nikasikia wote wawili wakicheka. Sikuuliza waliambiana nini.

Sasa ni mwaka wa pili. Vidole vya mkono wa kulia ni vizito. Anaweza kusukuma kitambaa kwenye cherehani, lakini uzi kwenye tundu la sindano namtilia mimi. Kiswahili kimerudi kikiwa na mapengo. Mkasi anauita kile cha kukatia, na jina langu humchukua muda, kwa hiyo ananiita mdogo wangu, jambo ambalo hata zamani alikuwa akifanya. Vidonge vyake viko kwake. Anameza mbele ya yeyote aliyepo, bila kuulizwa, na siku akikuta nimemtazama ananionyesha ulimi, mtupu, kama wanavyofanya wagonjwa wa akili kule hospitali ya Ndera. Huo ni mzaha wake, si mzuri sana.

Uchovu haukuondoka. Watu hudhani ukimvusha mtu wako salama uchovu unakwisha, lakini wangu ulibaki, ila sasa najua kuusema bila kumrushia mtu. Juzi nilitoka kazini na nguo za harusi nne hazijakwisha, nikajilaza kwenye mkeka bila kuvua viatu. Dada alikuwa jikoni na maharage. Akaja mlangoni, akaniuliza kwa Kinyarwanda kama ninaumwa. Nikamwambia siumwi. Akaenda kupunguza sauti ya redio, akanitandazia kanga miguuni kwa mkono wake wa kushoto, nami nikalala mpaka maharage yakaiva.